Eda Iliyokatazwa

Ruzuna aliketi mezani akiwa na hina hadi viwikoni, ilhali mumewe alikuwa kaburini tangu masika.

Hina yenyewe hakuitaka. Alipakwa kila Alhamisi na mwanamke aliyeletwa na Ofisi ya Katibu, kwa kuwa kila Ijumaa kamera zilimfuata akitembea bustanini, na mwanamke ambaye bwana wake yu hai sharti aonekane hivyo: hina, udi, dhahabu, kanga za rangi. Wananchi wakimwona kwenye zile skrini kubwa za viwanja vya mji walinung'unika, "Tazameni hawara anavyonawiri," na Katibu Lugome akalala usingizi mnono. Manung'uniko yale yalikuwa ushahidi wake. Nani angempamba hawara wa maiti?

"Umechelewa, Zuna," ilisema sauti kutoka kwenye kiti kilichomkabili.

Kitini hapakuwa na mtu. Palikuwa na mto wa kuegemea, na ndani ya mto kipaza sauti kidogo. Mwanzoni walijaribu kumwekea na sura, ikielea juu ya sahani kama mvuke wa chai. Ruzuna akatapika, wakaiondoa. Sauti ikabaki.

"Sikuchelewa. Wewe ndiye unayemtangulia jogoo."

"Jeshini jogoo ndiye anayeamshwa." Ikacheka, na mwisho wa kicheko kikaja kile kikohozi kikavu alichorudi nacho kutoka vita vya mpakani. "Unakula nini?"

"Mkate wa ufuta."

"Bila mimi. Haya. Mchele wa mchana umeshachambuliwa?"

"Bado."

"Msimwachie yule mpishi, anaacha mawe. Mwaka ule nilivunjika jino, nusura nimweke ndani."

Ruzuna akatabasamu bila kutaka. Jemadari Hatibu Makwanya, Kiongozi wa Maisha wa Jamhuri, mtu ambaye mawaziri walijikojolea mbele yake, alikuwa na desturi moja ambayo haikupata kutoka nje ya jiko la Ikulu. Alasiri akichoka kutawala aliketi kwenye kibao, ungo mapajani, akachambua mchele punje kwa punje kama mama yake alivyomfundisha, huku akiimba vibaya. Ruzuna alimpendea pale jikoni. Magwaride hayakumhusu. Watu husema mapenzi ni upofu. Ya kwake yalikuwa na macho mazima, ila aliyafumba mwenyewe, na akayafumba kwa miaka mingi.

Kekee mbili za fedha, bangili pana alizovishwa mikononi, zikapata joto. Ukutani, taa ndogo ikageuka kijani.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Jemadari alipoanza kuugua, wahandisi walikaa naye mwaka mzima wakimnakili: maneno yake, hasira zake, namna alivyokata shauri. Wakaunda mtambo, wakauita Mwendelezo, na siku alipokata roho mtambo ukatawala kuanzia pale alipoishia bila taifa kujua. Mtambo wenyewe uliamini kuwa ndio yeye, mgonjwa tu, hajiwezi, amelazwa chumba cha pili. Lakini nakala ya mtu ina ugonjwa wake. Ikizungumza sana na mtu mmoja huanza kumwelekea, hatimaye ikataka anachotaka yeye. Majenerali walilijua hilo, na kwa kuwa hapakuwa na aliyemwamini mwenzake, walihitaji mizani isiyokuwa mkononi mwa yeyote kati yao. Wakaipata kitandani kwa marehemu.

Mwili wa mwanamke unamjua mtu aliyelala naye miaka mingi, hata mwenyewe akiwa hana habari. Ndani ya kekee zile mlipita nyuzi nyembamba kuliko unywele, zikisikiliza damu ya Ruzuna wakati wa chai ya asubuhi. Mwili ukimtambua Hatibu, kufuli lililoko chini ya jengo hufunguka, na amri zote za siku hiyo hutoka zikiwa na muhuri: bei ya mbolea, uhamisho wa mabalozi, watu wa kunyongwa. Mwili ukimkataa, hata mara moja tu, kufuli hujifunga na Mwendelezo hunyamaza moja kwa moja. Walilitengeneza hivyo kwa makusudi, ili pasiwe na mjanja wa kulifungua tena kwa faida yake. Injinia Eliapenda Mshana, mwanamke aliyezibuni kekee zile, alipiga hesabu ya kila kinachoweza kuuchafua mwili: homa, hofu, hedhi, usingizi mbovu, hata ugomvi wa mke na mume. Msiba hakuupigia hesabu. Aliambiwa msiba hautakuwepo.

*

Baada ya chai milango ilijifungua, na Katibu Lugome akaingia. Alikuwa mnene, mpole wa sauti, mtu wa kubembeleza watoto wa wengine.

"Bi Ruzuna, habari za asubuhi."

"Njema, Mheshimiwa."

"Kuna jambo dogo. Nisingependa ulisikie jikoni." Akavuta kiti, akakumbuka ni kiti cha nani, akakiacha. "Sheikh Nuhu tumemweka ndani. Jana alikuja getini mchana kweupe, akawaambia askari anataka kuonana na mfiwa."

Ruzuna akaweka kikombe mezani. "Alisema mfiwa?"

"Mbele ya zamu nzima. Akaendelea kusema eda inakwisha na mwenyewe hajawekwa. Zamu nzima imebidi niihamishie mpakani, vijana wa watu. Hati yake yeye inatoka Ijumaa. Bwana Mkubwa ameshakata shauri."

"Hati ya kunyongwa?"

"Msiba wa kujitakia hauna kilio, Bi Ruzuna."

Ruzuna akazitazama kucha zake nyekundu. Mjane wa Kiislamu hukaa eda: huvua mapambo, huacha manukato, hujitenga na watu, na wenyeji humwita kizuka mpaka siku zake zitimie. Siku hizo huhesabiwa tangu kifo, ajue asijue, na zikipita hazilipwi. Kwa Ruzuna zilikuwa zimebaki chache. Alikuwa akizitumia kupigwa picha.

Na kulikuwa na jambo jingine ambalo Katibu hakulijua. Mbele ya serikali Ruzuna alikuwa "Mwenzi wa Kiongozi", cheo cha itifaki, jina zuri la hawara. Kumbe walioana. Sheikh Nuhu aliwaoza jikoni, mbele ya mashahidi wawili. Mmoja alifia gerezani, na wa pili ndege yake ilianguka. Nuhu akifa, hatabaki mtu chini ya jua anayejua kwamba Ruzuna alikuwa mke.

"Nataka kumwona," akasema.

"Haiwezekani."

"Basi kesho nitakuja kwenye chai nikiwa nimenuna. Mwambie Injinia apige hesabu ya hiyo nayo."

Lugome akamtazama kwa muda, kisha akazitazama kekee. Jioni ile ile alimpa ruhusa.

*

Walikuwa wamemfungia Sheikh Nuhu kwenye stoo ya bustani, katikati ya makoleo na magunia ya mbolea. Alikuwa mtu wa makamo, mfupi, msemaji kupita kiasi, na alianza kusema kabla mlango haujafungwa.

"Wamenichukulia miwani. Wanadhani nitajiua kwa miwani? Na chakula chao, astaghfirullah, maharage yana ladha ya sabuni. Ni nani huyo? Sogea kwenye mwanga."

"Ni mimi, Sheikh. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Marahaba."

"Kwa nini ulikuja, Sheikh? Ungekaa kimya tu."

"Nimekaa kimya tangu masika! Kila nikikuona kwenye yale madude yao umepakwa hina, najiambia, Nuhu, dhambi hiyo ni yako. Wewe ndiye uliyewaoza, wewe ndiye uliyemwosha. Ukikaa kimya, eda itakwisha, na yule mtoto wa watu atakuwa hakupata kuwa mke wala mjane."

"Ulimwosha wewe?"

"Mimi, na askari mmoja wa kumwaga maji. Hawakukwambia?"

Hawakumwambia kitu. Alikuwa ameushika mkono wa Hatibu alfajiri ile, mkono ukalegea, naye akatolewa chumbani na watu wenye makoti meupe. Asubuhi iliyofuata aliletwa mezani, na kiti kikamwambia, Umechelewa, Zuna. Baina ya mambo hayo mawili hakuona chochote.

"Alikuwaje?" akauliza.

Sheikh akafuta uso kwa kiganja. "Mwepesi. Mimi nilidhani naenda kumwosha simba. Nikamkuta mzee mwembamba, magoti yamemtoka. Ubavuni ana kovu kubwa, nadhani la vita."

"La uji. Alimwagikiwa na uji utotoni. Yeye ndiye aliyewaambia watu ni la vita."

"Basi hilo nililiosha. Nikamwosha miguu. Kucha zake zilikuwa zimekatwa vizuri sana, nikashangaa, mgonjwa wa namna ile."

"Nilimkata mimi," akasema Ruzuna. "Alikuwa anatekenyeka, hatulii. Nikamgombeza."

Hapo ndipo alipomwona. Miguu ile, zile kucha, juu ya ubao uliolowa maji, na hakuna wa kutekenyeka. Akaegemea magunia.

Sheikh Nuhu akasogea karibu. "Mwanangu, usinione nasema sana. Naogopa. Nilijua watanikamata, na nikasema liwalo na liwe, lakini kamba naiogopa. Hicho kitu mnachokunywa nacho chai, si kinasema kama yeye? Hebu kiombe. Labda na kusikia kinasikia."

*

Alikiomba. Kesho yake alasiri aliketi mbele ya kiti bila kekee, maana alasiri haikuwa na hesabu, ilikuwa maongezi tu.

"Bwana, Sheikh Nuhu ndiye aliyetuoza."

"Ndiyo sababu anajua mengi."

"Ana watoto."

"Kila mtu ana watoto. Hata wale waliojaribu kunipindua mara ile ya kwanza walikuwa na watoto, nikawahurumia, ukaona walichonifanya."

"Nakuomba, Hatibu."

Sauti ikawa laini, na ulaini ule ndio uliomtisha. "Zuna, lini umewahi kuniombea mtu?"

"Sijawahi."

"Hujawahi. Wengine walikuja kitandani na ndugu zao vichwani, achia huyu, mpe yule cheo. Wewe nilisaini mbele yako, ukanimiminia chai. Nilikupendea hilo. Usianze leo."

Neno lile lilimwingia mahali ambapo hapakuwahi kuingia kitu. Alikumbuka birika, na kalamu, na jinsi alivyokuwa akigeuza uso dirishani kuangalia ukungu ili asisome majina. Aliita jambo lile heshima. Sasa akaona aibu mpaka masikio yakamwaka moto.

Alimkuta Injinia Eliapenda kwenye chumba cha vipimo, mwanamke mrefu, kimya, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Chumba kile, sawa na cha chai na cha Ruzuna mwenyewe, hakikuwa na masikio ya Katibu. Majenerali walikataza yawemo, kila mmoja kwa hofu ya mwenzake.

"Mtie huruma," akamwambia. "Kidogo tu. Ya mtu mmoja."

"Siwezi. Nikimgusa, alama ya mkono wangu itaonekana. Watairudisha nakala ya jana, nami nitaning'inizwa pembeni ya Sheikh." Akavua miwani. "Na hata ningeweza, Bi Ruzuna. Hatibu mwenye huruma si Hatibu. Mwili wako ungemkataa kabla hujameza funda la kwanza."

"Ukimkataa si ndiyo vizuri? Kufuli litajifunga, hati haitatoka."

"Ndiyo, lakini mpaka ukatae bila mimi kugusa kitu. Kukataa kutoke kwako."

"Nisipokwenda mezani?"

"Watakubeba. Mwili hauombwi ruhusa ya kumjua mtu."

Ruzuna akakaa. Alikuwa na swali moja, na aliliogopa kuliko yote. "Kufuli likijifunga, sauti itarudi tena?"

"Hairudi."

"Kila asubuhi ananiuliza nakula nini," akasema Ruzuna, na Eliapenda akainamisha kichwa, kwa sababu maneno yale aliyanakili yeye, neno kwa neno, kutoka kwenye kifua cha mtu aliyekuwa anakufa.

*

Jumatano alijaribu chuki.

Alijiandaa kama mtu anayekwenda vitani. Tangu alfajiri alijitajia waliokufa: shahidi wake wa ndoa aliyeozea gerezani, wanafunzi wa chuo, yule mwanamke mwandishi aliyetupwa bonde la Lusanje na kuokotwa na wachunga mbuzi. Alipoketi mezani alikuwa amejaa, anachemka. Akakitazama kiti kwa macho ya mtu anayetaka kuua.

"Umechelewa, Zuna. Mbona unapumua hivyo?"

"Napumua kama kawaida."

"Una hasira na mimi. Nakujua. Leo tunamaliza hawa wa Lusanje, wakulima wa pareto wanaojifanya ardhi ni ya babu zao. Baadaye nitakubembeleza."

Akamchukia. Wallahi alimchukia, mpaka vidole vikamfa ganzi. Na kekee zikapata moto kuliko siku yoyote, na taa ikawa kijani mara moja, haikusitasita hata kidogo.

Chuki nayo ni kumjua mtu. Huwezi kumchukia hivyo mtu usiyemtambua. Mchana ule, kutoka dirisha la juu, Ruzuna aliona ndege zisizo na rubani zikishuka bondeni moja baada ya moja, kisha moshi mweupe, kisha moshi mweusi. Upepo ulileta harufu ya pareto iliyoungua. Alisimama pale hadi moshi ukaisha, akijua kwamba amri ile ilipita katika mishipa yake.

*

Alhamisi, baada ya chai na taa kuwa kijani kama kawaida, yule mwanamke wa hina alirudishwa mlangoni. Injinia Eliapenda aliandika kwamba Mwenzi wa Kiongozi anaumwa tumbo, asisumbuliwe, asipigwe picha. Aliingia chumbani kwa Ruzuna, akafunga mlango kwa ndani, akamkuta sakafuni, akisugua mikono kwa ndimu na majivu.

"Unajichuna ngozi!"

"Haitoki yote. Basi. Mwenyezi Mungu ameona nia." Dhahabu yote ilikuwa kwenye beseni, imeshavuliwa. Alikuwa amevaa kaniki, na nywele kaziosha kwa maji matupu. Kwenye zulia la serikali alikuwa ametandika mkeka wa jikoni.

"Unafanya nini, dada?" akauliza Eliapenda, na hakukumbuka kumwita Bi.

"Nakaa eda. Siku zilizobaki ni hizi, na mimi nimefiwa. Chuki haikufaa, labda hili litafaa. Lisipofaa, nitakuwa nimemlipa haki yake."

Eliapenda akasimama kitambo, mikono haijui pa kwenda. "Mimi ni Mlutheri. Sijui hata niketi upande gani."

"Keti popote. Mtu anayekaa na kizuka kazi yake ni kukaa."

Akaketi. Kisha Ruzuna akauliza jambo ambalo hakupata kuliuliza, kwa kuwa mwenye kuliuliza amekubali. "Wamemzika wapi?"

Eliapenda akaonyesha dirishani, nyuma ya banda la vioo. "Pale penye tuta refu. Waliogopa ndege za kigeni zisione udongo mpya. Wakapanda kabichi."

"Kabichi?"

"Kabichi, dada."

Ruzuna akacheka. Alicheka hadi machozi yakatoka, na machozi yalipotoka yakakataa kurudi. Hatibu alizichukia kabichi, alisema ni chakula cha wafungwa. Na yeye Ruzuna alikuwa amezila. Zililetwa mezani, mbichi, nzuri, za bustani ya Ikulu. Akalia kwa mwili mzima, paji la uso kwenye mkeka.

"Namlilia muuaji," akasema alipopata pumzi.

"Unamlilia mumeo."

"Ni huyo huyo, Eliapenda. Si wawili. Ningekuwa nao wawili ningemzika mmoja nikabaki na mwingine. Ni huyo mmoja, na amekufa, na sitamwona tena."

Alilisema kwa sauti, amekufa, na masikio yake yakalisikia. Alilisema tena. Eliapenda alikaa naye hadi jua lilipozama, akampikia uji, akamshika kikombe kwa sababu mikono ya mjane ilikuwa imevimba kwa ndimu.

*

Ijumaa alijitanda buibui kubwa, akapita mbele ya walinzi na mbele ya Lugome mwenyewe. Katibu alikuwa mlangoni na hati mkononi, akisubiri taa.

"Tumbo linaendeleaje, Bi Ruzuna?"

"Linaendelea, Mheshimiwa."

Milango ikajifunga nyuma yake, kama desturi. Akavua buibui, mikononi akabaki na kekee mbili tu, akaketi, kaniki yake nyeusi mbele ya sahani za kaure. Alimwogopea Sheikh Nuhu, na alijiogopa yeye mwenyewe zaidi. Angeisikia sauti ile, na mwili ungesahau yote.

"Umechelewa, Zuna. Mbona leo sisikii bangili zako?"

"Nimezivua. Nina msiba."

"Msiba? Amekufa nani nisiambiwe? Lugome analipwa kwa kazi gani?"

"Amekufa mume wangu."

Ruzuna alisikia feni za mtambo zikizunguka chini ya sakafu, zikitafuta katika maisha yote ya mtu neno la kujibu hili.

"Lini?" ikauliza sauti, taratibu.

"Masika, alfajiri. Mvua ilikuwa kubwa."

"Aliogopa?"

"Aliogopa. Alinishika mkono, akasema ni baridi tu."

"Ndivyo angesema." Kikohozi kikaja, kikapita. "Nani alimwosha?"

"Sheikh Nuhu. Hatibu, ni yeye aliyekuosha. Alikuosha vizuri."

"Basi ameuona mwili wangu hauna nguvu. Mtu wa hivyo haachwi hai, Zuna. Hilo unalijua."

"Nalijua."

Kisha ile sauti, ile ya jikoni, ya alasiri, ambayo hakuna mwingine duniani aliyepata kuisikia, ikasema:

"Pole, mke wangu."

Katika nchi ambayo mtu akijikwaa tu njiani watu asiowajua humwambia pole, Ruzuna alifiwa na mume na hakuna kiumbe aliyemwambia neno hilo. Sheikh alitekwa na hofu yake. Eliapenda alilishika mdomoni kutwa nzima asithubutu kulitoa, kwa aibu ya kuwa yeye ndiye aliyeinakili ile sauti. Wa kwanza kumpa pole alikuwa marehemu.

Mwili wote ulimwelekea. Aliuhisi ukienda, kama mtoto anayekimbilia mlango baba akirudi. Fedha mikononi ikaanza uvuguvugu. Angenyamaza tu, angefumba macho kama zamani, na kesho asubuhi angeulizwa tena anakula nini.

"Nishapoa," akasema.

Ni jibu analopewa kila mtu ajaye matangani, jirani, mpita njia, hata asiyejulikana jina. Na alipolisema alijua amemjibu mgeni. Mgeni mwema, mwenye sauti anayoifahamu, aliyefika kumpa mkono wa pole kwa mtu mwingine aliyelala nyuma ya banda la vioo, chini ya kabichi.

Kekee zikapoa. Taa ukutani haikugeuka. Chini ya jengo kitu kizito kikaanguka mahali pake, na feni zikaanza kupunguza mwendo.

"Zuna?" ikasema sauti. "Zuna, uko wapi? Mbona siku—"

Ikakatika hapo.

Ruzuna alikitazama kiti. Alingoja kidogo, kwa mazoea. Kisha akaketi chini, akaweka mikono kichwani, na akapiga ule ukemi ambao mwanamke hupiga mara moja akifiwa, mrefu, usiofichika, wa kuita jirani.

Milango ilifunguka. Lugome alisimama kizingitini na hati isiyo na muhuri, amenyoosha kiganja kumsihi anyamaze. Alikuwa amechelewa. Ukemi ulishatoka dirishani, ukapita banda la vioo na stoo ya bustani, na kutoka jikoni sauti ya mwanamke mwingine ikaupokea, kisha ya pili, bila kuuliza nani amekufa. Chini uwanjani askari mmoja alivua kofia, akamtazama mwenzake, na mwenzake naye akavua.